Likizo ya hema na mtoto mchanga: Je, Kaloleni imejiandaa?

KILA mwezi wa Desemba unapokaribia, barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa hufurika magari ya familia zinazoelekea Pwani kwa mapumziko. Magari hayo hupita Mariakani bila kusimama, ila pale msongamano wa malori unapoyalazimisha kusimama. Wachache wanaojua njia ya mkato hukata kushoto hapo Mariakani, wakapanda vilima hadi Kaloleni, wakashuka Mavueni na kujikuta karibu na mji wa Kilifi bila ya kuuona mji wa Mombasa. Hata hao nao hawasimami. Kwao Kaloleni ni minazi inayopita dirishani.

Hali hiyo huenda ikabadilika, na mabadiliko yenyewe yanaletwa na watu ambao hakuna aliyewatarajia: wazazi vijana wenye watoto wa kubebwa. Tangu mwaka 2020, wakati janga la korona lilipofunga safari za ndege za kimataifa kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai, sekta ya utalii nchini ililazimika kumgeukia Mkenya wa kawaida. Mkenya huyo naye alipopiga hesabu ya hoteli ya ufuoni kwa mke, mume na watoto wawili, aligundua kwamba hema moja, jiko dogo la gesi na shanta la mgongoni ni nafuu mno. Baadhi yao wakaanza kwenda na watoto wao wachanga, wengine hata hawajatimiza mwaka mmoja.

Swali linalostahili kuulizwa ni iwapo maeneo ya bara ya Kilifi, kama vile Kaloleni, yanaweza kuwapokea wageni wa aina hii bila ya kuwaponza watoto wao, na bila ya kuwaponza watoto wa wenyeji pia. Swali hilo halijajadiliwa ipasavyo katika mabaraza ya kaunti, ambako kila anayetamka neno utalii huwa na maana ya Malindi na Watamu.

Kuna kikwazo cha kwanza ambacho ni cha lugha. Kwa Mkenya wa umri wa makamo, neno 'kambi' halina ladha ya starehe. Kambi ni walikofungiwa babu zetu wakati wa hali ya hatari miaka ya 1950. Kambi ni Dadaab na Kakuma. Kambi ni mahema yaliyosheheni wakimbizi wa ndani baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 na zile za masika ya 2024 zilipowafurusha watu kutoka kingo za Mto Tana na maeneo mengine ya nchi, akina mama walilala ndani ya mahema na watoto wao wachanga si kwa kupenda. Basi mgeni kutoka Nairobi anapofika kijijini na kueleza kwamba amelipa pesa ili alale chini, ndani ya turubai, pamoja na mtoto wa miezi minane, mwenyeji ana haki ya kushangaa. Aliye na nyumba ya mawe huko kwao anatafuta nini nje?

Hata hivyo, mshangao huo usitufanye tuseme kwamba jambo hili ni la Wazungu. Kusafiri mwendo mrefu na mtoto mgongoni ni desturi ya hapa kuliko kwingine kokote. Mwanamke Mgiriama au Mjibana humfunga mwanawe kwa leso, akatembea kilomita kadhaa kwenda kisimani, sokoni au matangani, na mtoto akalala usingizi njia nzima. Mbeleko ni kifaa kilichokamilika. Katika miaka ya 1960, muuguzi mmoja Mmarekani, Ann Moore, aliyekuwa amejitolea kufanya kazi nchini Togo, aliwaona akina mama wa huko wakibeba watoto kwa namna hiyo hiyo. Aliporudi kwao akashona kibebeo kilichokuja kuuzwa kwa jina la Snugli, na leo vibebeo vya nasaba hiyo vinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi kwa bei ambayo ingenunua leso kadhaa za kutosha kaya nzima. Ni kinaya kwamba mama wa Nairobi anafika Kaloleni na kibebeo chenye vifungo vya plastiki ilhali mwenyeji wake anamtazama akiwa na kipande cha pamba kinachofanya kazi ile ile, na ambacho usiku hugeuka shuka.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya akina mama hao wawili, nayo haiko mgongoni bali iko katika damu ya watoto wao. Hapa ndipo penye hatari.

Historia ya eneo hili ina onyo lake. Mwaka 1844 mmishenari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliwasili Mombasa na mkewe Rosine aliyekuwa mjamzito. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike. Homa iliwaua wote wawili, mama na mtoto, katika muda wa siku chache. Krapf alizika familia yake ng'ambo ya kisiwa, kisha miaka miwili baadaye, pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, akahamia Rabai, kwenye vilima vile vile ambavyo leo vinapakana na Kaloleni. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayebeba malaria. Sisi tunajua, na kwa hivyo hatuna udhuru aliokuwa nao Krapf.

Mtoto anayezaliwa na kulelewa Kaloleni huumwa na mbu tangu siku zake za kwanza. Akinusurika, mwili wake hujenga kinga ya kiasi fulani dhidi ya malaria kali. Mtoto wa Nairobi, Nyeri au Nakuru hana kinga hiyo hata chembe. Usiku mmoja wa kuumwa na mbu wanaomkera tu mtoto wa mwenyeji unaweza kumlaza mtoto wa mgeni hospitalini siku kumi na mbili baadaye, wakati familia imekwisha kurudi nyumbani na daktari wa huko hana habari kwamba mtoto alikuwa Pwani. Jambo hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Dalili za malaria kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya saba na mwezi mmoja baada ya kuumwa. Mzazi ambaye mwanawe anapata homa katika kipindi hicho hana budi kumtajia daktari safari aliyofanya, na kudai damu ipimwe siku hiyo hiyo.

Ni kweli kwamba malaria imepungua Pwani ikilinganishwa na miaka ya 1990, na kwamba uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kanda ya Ziwa Victoria ndiyo iliyoathirika zaidi. Chanjo ya kwanza ya malaria ilipoanza kutolewa kwa majaribio nchini mwaka 2019, ilipelekwa huko magharibi na wala si Kilifi. Lakini kupungua si kutoweka. Mzazi anayekuja na mtoto mdogo anapaswa kumwona daktari wiki kadhaa kabla ya safari ili aelezwe dawa za kinga zinazofaa uzito wa mtoto, kwani si kila dawa ya mtu mzima hufaa kwa mtoto, na nyingine hukatazwa kabisa kwa walio chini ya miaka minane. Dawa za kupaka za kufukuza mbu nazo hazipakwi mtoto aliye chini ya miezi miwili. Huyo kinga yake ni chandarua tu.

Na hapa Kilifi ina jambo la kujivunia ambalo wengi wa wakazi wake hawalijui. Kituo cha utafiti cha KEMRI kilichoanzishwa mjini Kilifi mwaka 1989 kwa ushirikiano na Wellcome Trust ya Uingereza kilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza duniani kuthibitisha thamani ya chandarua kilichotiwa dawa. Matokeo ya utafiti huo, yaliyochapishwa mwaka 1996, yalionyesha kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 33 na idadi ya watoto waliolazwa kwa malaria kali ikapungua kwa asilimia 44. Waliolala ndani ya vyandarua hivyo wakati huo walikuwa watoto wa vijiji vya Kilifi, na leo ni watu wazima wenye watoto wao. Dunia nzima ilijifunza kutokana na usingizi wao.

Sasa mtazame mzazi wa kisasa. Anaamini kwamba hema lake lina wavu mlangoni, kwa hivyo hana haja ya chandarua. Wavu huo haujatiwa dawa. Zipu hufunguliwa mara kumi kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, mtoto akitolewa kubadilishwa nepi, baba akiingia kuchukua tochi, kaka mtu akitoka kwenda haja. Kila mara mbu wawili watatu huingia, na wakishaingia hawana pa kutokea, wala mtoto hana pa kukimbilia. Mtoto alazwe ndani ya chandarua chake mwenyewe, kilichotiwa dawa, kilichofungwa kwenye paa la hema na kuchopekwa chini ya tandiko pande zote. Uzito wake shantani ni mdogo kuliko uzito wa maziwa ya kopo.

Kuhusu maziwa, kuna mazoea yanayofaa kukemewa, ya wageni na ya wenyeji kwa pamoja. Joto la kaskazi linapozidi, watu wema humshauri mama ampe mtoto mchanga maji, maskini, ana kiu. Shirika la Afya Duniani linashauri kinyume: mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji chochote isipokuwa maziwa ya mama, hata penye joto kali, mradi anyonyeshwe kila anapotaka. Safarini ushauri huo una uzito maradufu, kwani maji ya kumpa mtoto ndiyo njia nyepesi ya kumtia tumboni vijidudu vya kuhara. Sehemu za Kaloleni zina uhaba wa maji wa kudumu, hasa upande wa Mwanamwinga, na maji ya mabwawa na matangi yanapaswa kuchemshwa kabla ya mtu yeyote kuyanywa. Anayehitaji maji mengi ni mama anayenyonyesha. Kwa mtoto mkubwa kidogo, mzazi abebe pakiti za chumvi na sukari za kurejesha maji mwilini, zile zinazopatikana katika zahanati yoyote, na ajifunze kuzichanganya kabla hajaondoka nyumbani, asije akasoma maagizo kwa mwanga wa simu mtoto akiwa amelegea.

Wakati wa kuja pia una maana. Desemba ndipo wote wanapokuja, na ndio mwezi mbaya kwa mtoto mchanga: vuli imeacha madimbwi, joto linapanda, na hema lililopigwa juani hugeuka tanuri ifikapo saa nne asubuhi. Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, njia za udongo za vijijini hazipitiki. Agosti, wakati upepo wa kusi unapovuma na shule zimefungwa, ni majira ya afadhali kuliko yote, na ni ajabu kwamba hakuna anayeyatangaza.

Mgeni wa mjini akifika Kaloleni hupenda sana kupiga hema chini ya mnazi. Picha hutoka nzuri. Kila mtoto wa hapa aliyekwisha kujua kutembea anajua kwamba hakuna anayelala chini ya mnazi wenye nazi, kwani nazi haipigi hodi, na kuti lililokauka huanguka usiku upepo ukiongezeka. Mkwaju, mwembe au mkorosho una kivuli kizuri na hauvunji kichwa cha mtu. Lakini hata chini ya miti hiyo nyasi zifyekwe na kufagiliwa, maana vilima hivi vina nyoka wa kila aina, tangu swila na songwe hadi bafe anayelala kimya njiani. Mtoto anayetambaa yuko usawa wa macho na bafe. Wilaya za zamani za Kilifi na Malindi zimezoea visa vya kuumwa na nyoka, na kituo cha Bio-Ken cha Watamu, kilichoanzishwa mwaka 1980, kimekuwa kimbilio la ujuzi kuhusu sumu hizo kwa miaka mingi. Mwathiriwa hata hivyo hukimbizwa hospitali ya karibu, kwa Kaloleni ikiwa ni Mariakani au Kilifi, bila kufungwa kamba wala kuchanjwa. Mzazi anayepiga hema mahali ambapo bodaboda haifiki, au ambapo simu haina mtandao, amefanya uamuzi kwa niaba ya mtu asiyeweza kusema hapana.

Tugeukie sasa kile kinachoweza kumvutia mgeni Kaloleni badala ya kuendelea na safari hadi ufuoni. Jibu ni kaya. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, na mwaka uliofuata mila zinazoambatana na misitu hiyo zikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kaya Fungo ya Wagiriama na Kaya Jibana zimo katika orodha hiyo, na zile za Kambe, Ribe na Rabai haziko mbali. Kaya Fungo ndiko Mekatilili wa Menza alikowakusanya watu na kuwalisha kiapo mwaka 1913 dhidi ya utawala wa Waingereza, na ndiko serikali hiyo ya kikoloni ilikolipua kwa baruti mwezi Agosti 1914. Mtoto wa miaka mitano anayesimuliwa habari hizo mahali zilipotokea hatazisahau. Yule wa miezi mitano atalala, lakini mzazi wake atakuwa amezisikia.

Je, hema lipigwe ndani ya kaya? Jibu la mwandishi huyu ni hapana, bila ya kusitasita. Kaya si bustani. Kuna sehemu zisizokanyagwa ila na wazee, kuna makaburi, hakuna kukata mti wala kuokota ukuni, na moto wa mgeni hauna nafasi. Mtoto mdogo hawezi kuambiwa asiguse. Atang'oa, atapiga kelele, atajisaidia anapotaka, na si kosa lake. Wazee wana sababu zaidi za kuwa na hadhari, kwani kwa miongo mingi wageni walipopita makwao, vigango viliwafuata. Sanamu hizo za miti zinazosimikwa kwa ajili ya wahenga wa chama cha Gohu ziliibwa makaburini na kuuzwa ughaibuni. Mwaka 2014 makumbusho ya mjini Denver, Marekani, yalitangaza kwamba yangerejesha vigango 30. Thelathini kutoka makumbusho moja tu.

Mfano wa kuiga uko Kwale. Katika Kaya Kinondo, jamii yenyewe ndiyo inayopokea wageni. Kila aingiaye hufungwa kaniki, huongozwa na mwenyeji, huambiwa lipi lifanywe na lipi lisifanywe, na ada hubaki kijijini. Haingii mtu peke yake. Kaloleni inaweza kufanya hivyo hivyo: ziara ya saa mbili asubuhi kabla ya jua kuwa kali, mtoto akiwa mgongoni kwa mbeleko, kisha watu warejee nje ya msitu, kwenye shamba la mwenyeji, penye choo, maji yaliyochemshwa na banda la makuti. Mwenye shamba alipwe kwa usiku, mama aliyepika sima na mboga alipwe, na mgema asiyetaka kumwona mgeni wa kitoto karibu na mbuyu wake wa tembo aachwe na shughuli zake.

Usalama ni jambo ambalo haliwezi kuepukwa katika mjadala wowote kuhusu bara ya Kilifi, ijapokuwa viongozi wa utalii wangependa tulinyamazie. Novemba 2018 mfanyakazi wa kujitolea kutoka Italia alitekwa nyara na watu wenye silaha huko Chakama, akaachiliwa Mei 2020. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola ulifukuliwa na miili zaidi ya 400 ikapatikana, wengi wakiwa watoto waliopelekwa msituni na wazazi wao wenyewe kwa jina la imani. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, katika eneo hilo hilo la Chakama. Kaloleni iko mbali na huko, na haina sifa hiyo. Hata hivyo kila mkazi wa kaunti hii, akiona familia ngeni imejitenga vichakani na watoto wadogo, moyo wake hushtuka, na ni vyema ushtuke. Familia iliyokuja kustarehe isiudhike ikiulizwa maswali na mzee wa mtaa. Ipige hodi kwa chifu au naibu wake kabla ya kupiga hema, itaje idadi ya watoto na siku itakayoondoka. Katika nchi za Ulaya kaskazini, kama Norway, mtu ana haki ya kulala karibu popote porini, na watoto wachanga hulazwa nje hata wakati wa baridi kali. Haki hiyo imejengwa juu ya hali ya nchi yao. Sisi tuna yetu, na Shakahola ni sehemu yake.

Yamesemwa mengi juu ya mtoto wa mgeni. Mtoto wa mwenyeji naye je? Mwaka 2006 ripoti ya UNICEF na serikali ilifichua kiwango cha kutisha cha unyonyaji wa kingono dhidi ya watoto katika miji ya kitalii ya Pwani, Malindi na Kilifi zikiwemo. Wakati huo maovu yalikuwa yamejikita ufuoni. Utalii wa kulala majumbani na mashambani unamhamishia mgeni ndani ya boma, karibu na mahali wanapolala watoto wa kijiji. Familia zenye watoto wachanga si tishio, bila shaka. Tatizo ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa familia haufungwi anapokuja mgeni asiye na familia. Sheria ya Watoto ya 2022 inaweka maslahi ya mtoto mbele ya mengine yote, na kaunti ikiamua kuhimiza mapokezi ya aina hii, inapasa kuandikisha wenyeji, kuwachunguza na kuwapa mafunzo kabla ya kibao cha kwanza kusimikwa barabarani. Kadhalika yasije yakawa mazoea kwamba mvulana wa darasa la tano anakosa shule kwa kumbebea mgeni shanta, au msichana wa miaka kumi na mbili anageuzwa yaya wa wiki kwa shilingi mia mbili.

Kuna wanaodai kwamba familia za mahema hazina pesa, kwamba hubeba unga na sukari kutoka kwao na kuacha takataka tu. Hoja hiyo ina ukweli kidogo. Mwenye hema hatumii kama mwenye chumba cha hoteli. Lakini pesa za hoteli ya Watamu au Malindi hazifiki Kaloleni hata senti moja, ilhali nazi, maziwa, mayai na kuni za mgeni aliyepiga kambi hununuliwa kwa jirani. Mwenye watoto hununua zaidi, kwani hawezi kubeba vyakula vya siku tano pamoja na nepi. Nepi zenyewe, kwa njia, ni tatizo linalohitaji kanuni: zile za kutupwa haziozi, mbwa huzifukua, na hakuna gari la taka linalofika Kayafungo. Mgeni arudi na zake.

Usafiri haujawa nafuu pia. Nauli ya daraja la chini ya treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwezi Januari 2024. Lakini treni ile inayosimama katika kila kaunti hutua Mariakani, na kutoka hapo hadi Kaloleni ni mwendo mfupi wa matatu. Kwa mzazi mwenye mtoto mchanga hiyo ni njia bora kuliko basi la usiku, ambamo mtoto hupakatwa saa nane bila mkanda katika barabara ambayo sote tunaijua. Kituo cha Mariakani kipo tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia abiria kwamba anaweza kushukia hapo.

Serikali ya kaunti imekuwa ikisimamia afya tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, na utalii wa mashinani ni jukumu lake pia. Idara hizo mbili zina ofisi zao mjini Kilifi, lakini jambo hili linazihitaji zizungumze pamoja, kwani mtalii wa miezi minane ni mgonjwa mtarajiwa kabla ya kuwa mteja. Kabla ya kutenga fedha za kuitangaza Kaloleni katika maonyesho ya utalii, idara ya afya ihakikishe kwamba zahanati zilizo karibu na Kaya Fungo na Kaya Jibana zina vipimo vya malaria na dawa za watoto mwaka mzima. Vipimo hivyo vitamfaa mtoto wa Kayafungo siku 360 za mwaka na mtoto wa Nairobi siku tano zilizobaki. Kisha wazee wa kaya waitwe waseme ni mashamba yapi, upande upi wa msitu, na kwa ada gani.